Sakafu Isiyoujua Mlango

Kikwembe cha mama mkwe wangu kinaning'inia kwenye kamba uani kwake, ng'ambo ya mto, kule Alunguli, hapa hapa mjini Kindu, ingawa kilikauka zamani. Hakianikwi, kinaonyeshwa. Jirani aliyevuka kwa mtumbwi asubuhi ya leo amerudi na habari kwamba wapita njia wanasimama, wanatazama ule weupe uliopanda kutoka pindoni hadi karibu na goti, kisha wanauliza, "Mama, huu ni mtindo mpya?" Naye, bila kupandisha sauti, anawajibu, "Hapana. Ni kazi ya mkwe wangu wa Obokote."

Kazi ya mkwe! Laiti wangeiona kazi yenyewe. Siku hiyo mama wa watoto alikuwa amelala kilioni Mikelenge. Usiku kulikuwa kumenyesha ile mvua ya Kindu isiyopiga hodi, na watoto walikuwa wameingia na kutoka sebuleni hadi sima yote ya sakafu ikageuka rangi ya barabara. Simu ikalia: Mama yuko kwenye mtumbwi, anakuja kwako. Huku kwetu mkwe mwanaume hamwiti mama mkwe kwa jina, hali naye sahani moja, hamkazii macho, na hamkaribishi kwenye tope. Tena mahari yangu ina mbuzi mmoja ambaye hadi leo hajafika Alunguli. (Kama angekuwa mbuzi wa kweli na si ahadi, angekuwa ameshakufa kwa uzee.) Nikakunja suruali, nikafunga mlango ili majirani wasimwone mwanaume mzima ameinama, nikakusanya vyombo vyote vya usafi vilivyomo nyumbani: ufagio wa njiti za mchikichi, ndoo, torsho, chupa ya javeli, na raklete mpya.

Hapo kwenye raklete mniruhusu nikae kidogo.

Ukiiona dukani, raklete ni mpini na ubao wenye mpira, basi, unadhani umeielewa. Torsho linakunywa maji, raklete inayafukuza, na kuyafukuza maji ni elimu nyingine kabisa. Ule mdomo wa mpira ukigusa sakafu unapinda kidogo, na upindo huo ndio unaoziba nafasi kati yake na sima. Ukiukandamiza mno, unalala ubavu na maji yanapita chini yake. Ukiulegeza mno, unaruka juu ya kila kijiwe na kuacha michirizi. Kwa sakafu zetu zenye mashimo, viwanda vimebuni midomo miwili ya mpira wa sponji: wa kwanza unasukuma, wa pili unakamata maji yaliyoponyoka. Mabaharia wa zamani walikuwa na chombo cha ukoo huu cha kukaushia deki za merikebu. Halafu akatokea Mwitalia, Ettore Steccone, aliyehamia California akawa anasafisha madirisha mjini Oakland. Wenzake walikuwa wanatumia dude la chuma, zito, lenye skrubu nyingi. Katika miaka ya 1930 yeye akapata hataza ya raklete ya shaba, nyepesi, yenye mpira mmoja mwembamba, na wasafisha madirisha wa leo bado wanashika mjukuu wake. Na huko Hispania, mwaka 1956, Manuel Jalón, mhandisi wa ndege, alikaa chini akafikiria magoti ya wanaofuta sakafu, akatoa ndoo yenye kikamulio na torsho la mpini mrefu. Mhandisi wa ndege! Sisi wahandisi wetu wakikaa chini hivyo huwa wanasubiri mshahara.

Sasa mpini wenyewe. Watu wengi hawajui kwamba duniani kuna skrubu za mipini za namna mbalimbali: ile ya Kiitalia inazunguka kivyake, ya Kimarekani kivyake, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine hata ukiiombea. Kiwanda kinachotoa kichwa na mpini pamoja hakina shida. Shida ni safari. Hadi kufika Kindu, mzigo umeshafunguliwa na kufungwa tena na mikono mingi, na mfanyabiashara wa mwisho anachukua kichwa kilicho karibu na mpini ulio karibu, anavifungisha ndoa. Raklete yangu ilikuwa ndoa ya namna hiyo. Niliizungushia kipande cha mfuko wa plastiki kwenye skrubu ili ikae, ikakaa. Ilikuwa inakaa kwa misukumo miwili. Wa tatu kichwa kinabaki sakafuni, nami naendelea mbele na fimbo mkononi.

Lakini hata raklete ya Steccone mwenyewe isingeniokoa, kwa sababu ya sakafu.

Sakafu ya kuoshwa kwa maji inatakiwa ishuke kuelekea mlangoni, tuseme sentimita moja kwa kila mita. Jicho halioni, mguu hausikii, lakini maji yanajua. Na masoni ana njia ya kuipata sentimita hiyo bila mashine yoyote: anachukua mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, anaujaza maji, ncha moja anaishikilia ukutani huku, nyingine kijana anaishikilia ukutani kule. Maji ya ncha zote mbili yanasimama usawa mmoja, hata kama mpira umepita chini ya kitanda, umezunguka nguzo na kutokea jikoni, maana hewa inazikandamiza ncha zote mbili kwa uzito uleule. Anaweka alama za penseli, upande wa mlango anashusha kiasi anachotaka, ndipo anamwaga sima. Nimewahi kumtazama fundi mzee akifanya hivyo katika nyumba ya jirani, nikasahau nilikokuwa nakwenda. Maji yanapanda na kushuka ndani ya ule mpira, yanasitasita, halafu yanatulia, na ukijua kwamba upande ule mwingine, nyuma ya kuta mbili, yametulia mahali palepale, unataka kuvua kofia.

Masoni wa nyumba ninayopanga hakuhangaika na mpira. Alitumia jicho, na nina hakika jicho lenyewe lilikuwa linaangalia chupa ya pombe ya lotoko. Sebule yangu inashuka vizuri, kwa ustadi, bila kosa hata moja, kutoka mlangoni kwenda kona ya ndani, pale panapokaa fotei ya wageni. Nilipomlalamikia mwenye parseli alinijibu kwa upole: "Nyumba yangu ni kavu. Wewe ndiye unayeimwagia maji."

Basi nikamwaga ndoo, nikamimina javeli, nikasugua kwa ufagio, nikaanza kuyapandisha maji kwenda mlangoni. Kuyapandisha, narudia, ndani ya nyumba. Nusu ikatoka chini ya mlango. Kichwa cha raklete kikachomoka. Nusu iliyobaki ikasimama karibu na kizingiti, ikitafakari. Hapo hapo nje kukasikika, "Hodi wenyewe!"

Nikautupa mpini nyuma ya pazia, nikashusha suruali, nikafungua. Mama alikuwa amevaa kikwembe cha Vlisco, waxi ya kweli ya Uholanzi, ya kutoka Helmond ambako wanachapa vitambaa tangu 1846. Ni kikwembe chake cha harusi, ubatizo na kudai mbuzi. Akaitazama sakafu inayong'aa. Akavuta pumzi. "Mkwe, kwako kunanukia hospitali." Kinywani mwake hiyo ni sifa, na sijawahi kupewa nyingine. Akapita kwa heshima zake zote akaketi kwenye fotei, na pindo la kikwembe likatulia sakafuni.

Nilikaa mbali, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Bahati mbaya macho chini yanaona sakafu. Niliyaona maji yakianza kurudi. Hayakukimbia. Yalikuja kwa ukanda mwembamba, yakaizunguka miguu ya meza, yakakutana upande wa pili, yakaendelea. Wakati huo Mama alikuwa ameanza habari ya mbuzi kwa kupitia mbali: kwanza mvua, kisha mpunga, kisha afya ya ndugu zake wote waliozaa mabinti wakaolewa na watu wanaolipa. Nani anamkatiza mama mkwe katikati ya mbuzi amwambie ainue miguu? Nionyesheni mtu huyo, nitampa raklete yangu.

Na sasa javeli. Ile tunayouziwa hapa ndani ya chupa zilizokuwa za maji ya kunywa kwa kawaida imekwisha kubatizwa na kila aliyeishika njiani, hivyo mwenye uzoefu huimimina bila kupima. Siku hiyo, mara ya kwanza tangu nianze kununua vitu mjini Kindu, mfanyabiashara alikuwa ameniuzia kitu halisi.

Dawa hii tunadaiwa na Mfaransa Claude Berthollet. Kabla yake, watu wa Ulaya waliotaka kitambaa cheupe walikitandaza majanini miezi kwa miezi, jua na umande vifanye kazi. Katika miaka ya 1780 Berthollet akaona kwamba klorini inamaliza kazi hiyo haraka, na kiwanda cha Javel, kijiji cha pembeni mwa Paris, kikaanza kuiuza ikiwa maji ndani ya chupa. Namna inavyofanya kazi ni ya kuogopesha. Rangi ya kitambaa haikupakwa juu yake ukaweza kuibandua. Imo ndani ya nyuzi, vipande vidogo visivyoonekana, na kila kipande kina mnyororo unaomeza sehemu ya mwanga na kuiacha nyingine irudi machoni. Javeli inaukata mnyororo. Kipande kinabaki palepale ndani ya uzi, ila hakimezi tena mwanga, na jicho linaona weupe. Kwa hiyo hakuna cha kuoshwa, hakuna cha kurudishwa, na dobi yeyote anayekuahidi vinginevyo anataka pesa zako. (Mkiwa nayo nyumbani, isikutane na siki wala ndimu wala dawa ya choo yenye asidi: inatoa hewa inayochoma mapafu. Hili silisemi kwa mzaha.)

Ukiongeza na tabia ya pamba, mambo yalikamilika. Ncha ya kikwembe ilipoigusa ile kona, maji yalianza kupanda ndani ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, kimyakimya, bila kumgusa ngozi mwenye nguo, maana ndani alikuwa na kikwembe cha pili. Mbuzi alikuwa amefika kwenye suala la riba. Nyekundu ya Helmond ikawa waridi. Waridi ikawa rangi ya maziwa. Samaki wa buluu waliochapwa pindoni wakafa mmoja mmoja nikiwatazama.

Alipoinuka ndipo alipoona. Alikitazama kikwembe, akaitazama sakafu, halafu akanitazama usoni, kwa muda mrefu, jambo ambalo katika familia zetu halifanyiki. Alisema maneno mawili tu.

"Mbuzi wawili."

Nimekwenda dukani kutafuta raklete nyingine, yenye kichwa na mpini waliozaliwa pamoja. Bei imepanda. Ninapouliza kwa nini, kila muuzaji ananyoosha kidole mashariki. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati wa vita, na Kindu ni mji ambao barabara zake ziliukimbia kabla wengi wetu hatujazaliwa: hata sabuni na misumari tulizoea kuviona vinashuka kutoka angani. Reli ipo, ya tangu enzi za Wabelgiji, na treni nayo ipo, kwa maana ile ile ambayo mbuzi wangu yupo. Vilivyobaki ni mtumbwi, pikipiki, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa hadi hazionekani, siku kadhaa porini, ili mimi nipate ubao wenye mpira.

Mpira! Hapa kicheko kinanikauka. Nchi hii ya Kongo ilichunwa mpira wa porini na Leopold II, aliyeitawala kuanzia 1885 hadi 1908, watu wakichapwa viboko, wengine wakikatwa mikono, wake zao wakifungwa hadi waume walete kilo zilizotakiwa. Magurudumu ya Ulaya yalizunguka kwa mpira huo. Leo naagiza kutoka China ukanda wa mpira usiofika mkono mmoja kwa urefu, nao unabanduka kabla ya mwisho wa mwezi. Sabuni je? Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji ardhi kubwa ya michikichi humu nchini. Moja ya mashamba yale liko Lokutu, chini ya Kisangani, kandokando ya mto huu huu unaopita mbele yetu. Mawese yakashuka na maji, yakavuka bahari, yakaogesha watoto wa Uingereza. Na bibi zetu walikuwa wanaijua sabuni: majivu ya maganda ya ndizi, maji yakachujwa humo hadi yakawa makali ya kuchoma ulimi, mawese, chungu, moto, kukoroga hadi mkono ukatae. Sabuni nyeusi, laini, inatoa hata moshi wa dari. Tuliambiwa ni ya kishenzi. Sasa nasikia inauzwa Ulaya kwa bei ya manukato.

Na maji. Kindu iko juu ya mto ambao wageni wanavuka bahari kuja kuupiga picha, lakini maji ya kuoshea sebule yangu yanafika kichwani mwa mtoto wa kike. Bidoni la manjano la lita 20 ni kilo 20, hakuna hesabu inayoweza kulipunguza. Binti yangu analipandisha kutoka chemchemi kabla ya shule, analiweka chini, anarudi kuchukua jingine. Halafu baba yake analimwaga sakafuni na kulifukuza nje kwa dakika moja, na kwa sababu ya jicho la masoni analifukuza mara mbili. Wenye kuandika orodha za vyombo vya lazima vya usafi wa nyumba huanza na ufagio. Waje Obokote. Chombo cha kwanza cha usafi hapa ni shingo ya mtoto, na hakuna anayekihesabu, kwa sababu hakinunuliwi dukani.

Ufagio, kwa kuwa nimeutaja, sina ugomvi nao, ila ule wenye mpini mrefu ulipotea kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, na nina mtu ninayemshuku. Kijiti cha kuondolea utando wa buibui kiliondoa utando pamoja na balbu. Pangusa ya manyoya ya jogoo ililiwa na mbwa, akidhani jogoo bado yumo. Brashi ya choo mwanangu mdogo aliikuta mpya, akasafishia meza ya chakula, na hatujamweleza bibi yake.

Raklete mpya sijanunua. Fundi wa baiskeli wa mtaa wetu amenitengenezea yake: ubao wa mti mgumu, ukanda wa mpira wa ndani wa tairi uliopigiliwa misumari, mpini wa mti uliochongwa pembe nne ukaingizwa kwenye tundu la pembe nne. Haina skrubu ya Kiitalia wala ya Kimarekani. Haijachomoka. Inafukuza maji vizuri kuliko ile ya dukani, na yanarudi vilevile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unajenga kiangazi hiki, Obokote au Alunguli au popote sima inapomwagwa, usimlipe masoni salio lake lote. Sima ikishakauka, mwite asimame kwenye kona ya ndani kabisa ya sebule, miguu mitupu, umwage ndoo ya maji mlangoni mbele yake. Akilowa, arudie kazi.